Niliitikia "Yupo" Jina la Marehemu Mume Wangu Lilipoitwa

Mshauri, nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani ndani ya meli ya kitalii, saa kumi na nusu jioni, siku ya kwanza ya likizo ya ukoo mzima, na nakuomba sana unijibu kabla ya keshokutwa asubuhi, maana ndipo tutakapotia nanga kwa mara ya kwanza na mimi sijafungua begi wala sina mpango wa kulifungua.

Mimi ni fundi cherehani, nashona mapazia na mashuka ya hoteli, nina miaka hamsini na sita, sikujaliwa mtoto, na mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kuhesabu kila kitu, tukitoka familia popote yeye ndiye anasimama mlangoni mwa basi na kutuhesabu kwa kidole mpaka wengine wanakasirika, na safari hii aliipanga yeye mwaka jana kwa ajili ya mama yake kutimiza miaka themanini, akakusanya watu ishirini na nane, vyumba kumi na vinne, akaandika kila mtu na wa kulala naye. Miezi saba iliyopita alianguka mbele ya ubao, chaki mkononi. Tukamzika. Safari haikufutwa kwa sababu mama mkwe alisema, mwanangu aliitaka, twendeni.

Basi leo tumepanda, mama mkwe mbele na fimbo yake, na wengine nyuma wawili wawili, hakuna aliyewapanga, ndivyo walivyo tu, huyu na mkewe, huyu na dada yake, na mimi na begi, na mpigapicha wa meli alipotusimamisha kila mtu akanikabidhi mkoba wake nimshikie, nikajikuta niko nje ya picha nikiwa na mikoba tisa. Sisemi walinitenga, Mshauri, nitakuwa mwongo, wote walinichangamkia, watu ishirini na sita wameniuliza leo "Uko sawa?" na hakuna aliyesubiri asikie.

Chumbani nikakuta vitanda viwili vimeunganishwa kuwa kimoja, taulo mbili, ndara jozi mbili, na kadi mezani inawakaribisha bwana na bibi. Nikakaa upande wangu.

Saa nane tukaitwa kwenye mazoezi ya dharura, kila mtu na jaketi lake la kujiokolea, tumepangwa juani zaidi ya watu mia, na mhudumu mwenye orodha anaita majina chumba kwa chumba, akaita langu nikasema nipo, kisha akaita la mume wangu, na sijui nikwambie nini, mdomo ulisema wenyewe, "Yupo." Akainua macho. "Yuko wapi, mama?" Nikasema, "Anakuja."

Kumbe sheria yao ni kwamba hakuna anayeondoka mpaka wote waonekane, kwa hiyo watu zaidi ya mia walisimama wakimngoja mume wangu, watoto wanalia, wazee wanajipepea kwa kofia, na kipaza sauti kikaanza kuliita jina lake meli nzima, jina lake kamili, mara tatu, na mara ya tatu, Mshauri, niligeuka kutazama ngazi. Familia yote macho chini. Mwishowe shemeji yangu mdogo ndiye aliyemsogelea mhudumu akamnong'oneza, na yule kijana akalikata jina, akaniambia pole kwa sauti ambayo ningependa kuisahau.

Tulipoachiwa, shemeji akamgeukia dada yao mkubwa, ambaye tunamwita Katibu kwa sababu ndiye anayeendesha kundi la simu la familia na mambo yote ya safari alirithi yeye. "Kazi moja tu tulikupa, dada," akamwambia mbele ya watoto. "Jina moja la kuondoa." Huyu wifi yangu sijawahi kumwona amekosa la kujibu, ana mdomo huyo, lakini leo alisema tu, "Nisameheni, nilidhani nimeliondoa," akalia akiwa bado amevaa lile jaketi. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nimeuchuna.

Sasa sikiliza kinachonichoma. Katibu hakusahau. Mwezi uliopita aliomba jina liondolewe, kampuni ya meli ikaleta ujumbe kwenye simu ya mume wangu kwa kuwa ndiye aliyekata tiketi, na simu hiyo bado naichaji kila asubuhi, ujumbe unauliza, je, abiria huyu aondolewe, na chini kuna vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Nikabonyeza Hapana. Benki wamemfuta, shuleni wameng'oa kibao chake mlangoni, nikajiambia abaki kwenye orodha moja basi, itamdhuru nani?

Tangu yale mazoezi nimejifungia. Wamenigongea, nikavunga nimelala. Wa mwisho aligonga mara tatu polepole, kwa kitu kigumu kama mti, akasimama sana, nikiona kivuli chake chini ya mlango, kisha akajikokota akaenda. Katibu hajaja, wala simlaumu.

Nikisema ukweli watasema nimerukwa na akili, na mimi kwao nimebaki na nini, sina mtoto wa kusema huyu ni damu yenu, nilikuwa na yule mwanamume tu na leo wamemkata mbele yangu kwa kalamu. Nikinyamaza, wifi yangu atabeba aibu yangu safari nzima. Naona heri nishuke keshokutwa kimya kimya, nirudi kwenye cherehani yangu, niwaachie likizo yao. Nifanyeje?

Mke wa Mwalimu (bado)

*

Mke wa Mwalimu,

Nimekurusha mbele ya foleni, nakujibu leo leo kwa simu, gazetini litatoka baadaye. Wale mlioniandikia kuhusu waume wanaoficha simu mtanisamehe, simu hizo zitakuwepo hata wiki ijayo.

Kwanza pole. Nimesoma hapo ulipogeuka kutazama ngazi, nikaiweka barua chini, nikaenda kujitengenezea chai. Hujarukwa na akili. Kidole chako kilikataa jambo ambalo moyo haujalikubali, na sidhani kama mimi ningebonyeza kile kingine.

Pole imeisha. Sasa nikuseme.

Kubonyeza Hapana ni huzuni. Kumwacha mwanamke mwenzako asutwe mbele ya watoto kwa kosa la kidole chako, hiyo si huzuni tena, huo ni uoga, na unajua, ndiyo maana unaandikia gazeti badala ya kutembea hatua ishirini hadi chumba chake. Tena nikuulize. Mtu asiyekosa la kujibu, kwa nini leo alikosa? Aliomba jina liondolewe. Unadhani kampuni haikumjibu kwamba ombi lake limekataliwa? Na simu ya kaka yake anajua iko kwa nani. Naweza kuwa nimekosea, simo humo melini, ila mimi naona wifi yako aliyajua yote na akaamua kulia yeye ili usiaibike wewe. Halafu unaniuliza umebaki na nini kwao.

Na hao watu ishirini na sita waliokuuliza kama uko sawa, uliwajibu nini? Usinidanganye. Uliwaambia "niko sawa," wote, ukapokea na mikoba. Mtu mwenye mikoba tisa mikononi nani atajua anataka kushikwa mkono? Ungemrudishia mmoja mkoba wake, ukasema, "Hapana, siko sawa, keti." Wengine wangekimbia, sikatai. Mmoja angeketi.

Kwa hiyo usishuke. Ukishuka kimya kimya watajua umewakimbia, hawatajua kwa nini, na watamlaumu Katibu kwa hilo pia.

Leo hii, kabla ya chakula, nenda kwa wifi yako peke yako. Usianze na hadithi ndefu kama uliyoniletea mimi, sema, "Wifi, ni mimi niliyekataa, nisamehe," kisha mlie mnavyotaka. Mezani, rudia maneno hayo hayo mbele ya shemeji yako na wale watoto waliosikia dada akisutwa, na shemeji asipoomba radhi, mtazame mpaka aombe. Kesho mwambie mhudumu avitenganishe vile vitanda. Na keshokutwa mtakaposhuka kutembea, mtu lazima asimame mlangoni awahesabu. Mwalimu hayupo, na nina hakika hakuna aliyechukua kazi hiyo, wote wanaogopa kuigusa. Ichukue wewe. Wahesabu kwa kidole mpaka wakasirike, na usijisahau kwenye hesabu.

Limebaki moja, nalo lifanye kabla hata ya Katibu. Umeniandikia kwamba mtu aligonga mara tatu kwa kitu kama mti, akasimama sana, akaondoka akijikokota. Kwenye msafara huo, mwenye fimbo umenitajia mmoja tu. Mama wa miaka themanini amepita korido nzima na meli inayumba, akaja mlangoni kwako, ukamvungia umelala. Jina lililoitwa meli nzima alilichagua yeye, kabla wewe hujazaliwa. Wewe uligeuka kutazama ngazi mara ya tatu. Unadhani yeye aligeuka mara ya ngapi?

Inuka ukamfuate.