Kwenye Kioo Kulikuwa na Damu ya Mama

Jumatano, Aprili 2007. Mvua ya masika haijaacha tangu alfajiri. Nyumba yetu ya Mkunazini inanuka chokaa mbichi na udi wa harusi.

Leo nimemwambia mama.

Mimi ni mtu wa maabara. Siku tatu zilizopita niliipaka damu yake juu ya kioo, nikaitia rangi, nikaichungulia kwa darubini. Seli nyeupe iliyokomaa huwa na kiini kilichokoza rangi, kwa sababu uzi wake wa urithi umefungwa barabara na imebakiza wazi sehemu inayoihitaji tu. Seli shina, zile za ndani ya mifupa zinazozaa damu yote, uzi wao uko legelege, maana bado hazijaamua ziwe nini. Seli za mama zilifanana na hizo, nazo zimejaa kwenye damu, mahali pasipo pao. Uzi haukufungwa inavyopaswa, basi zimegoma kukua, zinazaana tu. Nilijua ni saratani kabla daktari hajaniita.

Daktari alitaka apelekwe Dar haraka. Lakini mdogo wangu Samira anaolewa baada ya wiki mbili, na mashangazi wakakata shauri kwamba kwenye nyumba ya harusi maradhi hayatajwi. Nikakubali. Naona haya kuliandika hilo.

Leo alasiri mama alikuwa akipanga sanduku la Samira. Ana namna yake ya kukunja kanga, anazilaza na kuzibana mpaka doti ishirini zinaingia pasipotosha kumi. Akaniita, nikaitika naam.

"Uliona nini kwenye kile kioo?" Macho yake yalikuwa kwenye kanga.

Nilitaka kusema uongo, sikuweza. Nikamweleza kwa zile kanga: kila seli ina sanduku lile lile, tofauti ni ipi imekunjwa na ipi iko wazi. Kwake zimekunjuka zilizotakiwa kufungwa.

"Nani alozikunjua?"

"Hajulikani, mama. Si kosa la mtu."

"Mie nlidhani labda nimekula kitu," akasema taratibu.

Akafikiri kidogo, kisha akatoa amri: ndoa ifungwe keshokutwa baada ya sala ya Ijumaa, ngoma zitasubiri, na Jumamosi tupande boti kwenda Dar. Nilikuwa nimejiandaa aniulize kama atapona. Sijui jibu lake. Hakuuliza.

"Siku tatu ulikuwa nalo peke yako?" akasema. "Maskini mwanangu."

Hapo nililia, mtu mzima mimi, juu ya kanga za bi harusi.

Mama akaichukua ile niliyoilowesha, akaitandaza, akanipa ncha mbili nishike. Tukaikunja pamoja, bila haraka.

Kesho asubuhi mashangazi watakuja na lawama zao. Nitakayewafungulia mlango ni mimi, na mara hii sitakubali.