Jeli ya Kijani Ilivyoliaga Jarida la Kanisa

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa kanisani. Usicheke.

Si unakumbuka nilivyoliambia baraza tulizike hili jarida la kuchapa, maana halisomwi na mtu, na mimi kulihariri nimechoka? Pasta Nygaard akakubali. Toleo moja la mwisho, halafu leo mlo wa kuliaga, kila mtu aje na sahani yake.

Basi nikajifanya mjanja. Kwenye ukurasa wa mapishi nikatunga upuuzi: jeli ya kijani, ndani samaki wa siki, juu krimu tamu. Nikajisemea, nani ataona?

Shoga. SHOGA. Nashuka ukumbini, meza nzima inatikisika! Jeli tupu! Jeli mpaka kwenye meza ya kahawa, samaki wanachungulia!

Na hakuna anayelalamika! Unatujua Walutheri wa huku Minnesota, adabu mbele. Watu wanatafuna, machozi yanawalenga, wanasema, "Mmh, hii ni tofauti kidogo."

Bibi Ardis, na uzee wake wote ule, kanipakulia kwa mkono wake. "Kula, mwanangu. Kama imo kwenye jarida, ni nzuri."

Nikala. Nimekula samaki na krimu, shoga.

Sijameza, Pasta kasimama. "Nani alisema jarida halisomwi? Wanaotaka liendelee, mikono juu!" Ukumbi mzima juu. "Kuna anayepinga?"

Mdomo umejaa jeli, ningesemaje?

Ngoja, mlango unagongwa. Ni Ardis. Anauliza mwezi ujao tunapika nini.