Mafuta Niliyoyasifu Bila Kuyaonja

Mpendwa mshauri,

Nisaidie, mdomo wangu umeniponza. Mimi ndiye kiongozi wa kundi la kununua pamoja hapa jengo namba sita, mjini Mianyang, China, familia themanini na sita, mtu akitaka mayai au machungwa anaandika kwenye simu, mimi naagiza kwa jumla, mzigo unashushwa mlangoni kwangu, watu wanakuja kuchukua na umbea wote wa jengo napata bila kutoka, kazi tamu hiyo, na wananiamini kwa sababu sisifu nisichokula, nikisema chungwa lina maji ujue limeshanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Sasa mwezi uliopita kampuni moja ya mafuta ya kupikia ikaniletea katoni mbili za bure nijirekodi nikiyasifu, nikavaa sweta jekundu nikasema, "Jamani, jikoni kwangu hakuna mengine," familia hamsini zikaagiza, kumbe sijafungua hata chupa, napikia mafuta anayokamua binamu yangu kijijini na siyaachi mpaka kufa. Juzi jirani yangu, dada Pu Shuqin, akaja kuomba tangawizi, akaziona katoni chini ya meza, zimefungwa vilevile, juu nimeweka kabichi. Akasema, "Xiuzhen, hayo mafuta anayepikia ni kabichi?" Nikacheka, mwenzangu hakucheka. Tangu hapo haagizi kitu, na asubuhi tukicheza ngoma ya mazoezi uwanjani anasimama mstari wa nyuma, mbali na mimi. Akifungua mdomo, kundi limekufa. Nimpe katoni moja anyamaze?

Kuang Xiuzhen

Xiuzhen,

Katoni iache hapohapo. Ukimpa Shuqin, utakuwa umeziba mdomo mmoja na kuuza wako mara ya pili. Majirani zako wanaona matangazo mia kwa siku na wanayapita. Kwako wanasimama kwa sababu wewe unakula kwanza. Hicho ndicho ulichokitupa, mtu mzima, kwa sweta jekundu. Pole, lakini bado kinaokoteka.

Kesho mkimaliza kucheza, beba jiko uwanjani. Waambie, "Nilidanganya, sikuwa nimeyaonja." Halafu nyamaza, najua itakuuma kuliko kuungama. Fungua chupa mbele yao, kaanga pilipili, sufuria ya pili tumia mafuta ya binamu yako. Shuqin aonje wa kwanza, kabla yako. Yakiwa mabaya, kusanya chupa zote uirudishie kampuni, na zile katoni zako juu. Yakiwa mazuri, mwache Shuqin ayasifu, yeye ataaminiwa.

Na siku nyingine ukijirekodi, tukuone unatafuna.