Shemeji na mafua ya ndege

Shoga, niko nyuma ya banda la kuku, nina hasira!

Si wiki iliyopita nilimwambia shemeji afunge wavu, ndege wa porini wasinywe maji ya kuku wangu, kuna mafua ya ndege? Akacheka mbele ya mume wangu! "Shemeji, acha ushamba. Hapa na uwanja wa ndege, wapi na wapi?"

UWANJA WA NDEGE! Mtu mzima na ndevu zake!

Na wakati anayasema hayo, kunguru yuko nyuma yake anaoga kwenye beseni la kuku. Anaoga, shoga!

Leo jogoo wangu kafa, kuku wawili wanakoroma. Nikamwita aone. Kajikuna kichwa kama profesa, halafu kaninong'oneza:

"Kwani nani alisafiri?"