Kabati Langu la Mahari

Jumamosi. Mbagala kumekucha na manyunyu, na mpaka mchana huu hayajakata. Uani ni tope tupu, kazi haifanyiki, na hata kungekuwa na jua nisingefanya. Leo mwenye blogu hii hayuko sawa.

Najua wengi mnaingia humu kutafuta picha za kabla na baada. Kiti cha mtumba kilichochakaa, halafu kiti kilekile kikiwa kimetulia kama kimetoka kwenye ukumbi wa hoteli. Leo hakuna picha. Naandika tu, kwa sababu nisipoandika nitampigia mtu simu nimtukane, na mtu mwenyewe bado nampenda.

Nimeachika.

Haya, nimelisema. Muda wote huu nimekuwa nikiwawekea picha za stuli na meza kama vile nipo Kimara kwa mume wangu, kumbe nipo kwa Mama, nalala kwenye chumba nilicholala nikiwa mwanafunzi. Hamisi alinipa talaka moja. Tulikuwa tunagombana kwa mambo madogo madogo, leo chumvi, kesho simu, mpaka siku moja akaitamka. Mimi nilijua ni hasira. Nilifunga mizigo huku nikijiambia kwamba ulimi wake umeteleza na kwamba atanifuata.

Kwa wasiojua mambo yetu Waislamu, talaka moja haimalizi ndoa papo hapo. Mke anakaa eda, na eda inahesabiwa kwa tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi bila damu ya mwezi. Kwa tulivyofundishwa sisi madrasa, damu ya tatu ikionekana, basi, eda imekwisha. Kabla ya hapo mume akitaka kumrejea mkewe ni neno lake tu, hahitaji mshenga wala mahari mpya. Baada ya hapo anakuwa mwanamume wa nje kama wanaume wengine, na akitaka aje kuposa upya.

Kwa hiyo nilikuwa nasubiri neno. Na kwa kuwa hii ni shajara yangu, nikiri na hili: nilikuwa namwomba Mungu anicheleweshee mwezi. Mwanamke mzima, nimekaa juu ya mswala, naomba nichelewe ili mtu apate nafasi ya kunikumbuka.

Niliporudi hapa nilikuja na kitanda, kabati la nguo na meza ya kujipambia yenye kioo kikubwa. Hivyo ni mali yangu, ndiyo mahari niliyotaja nilipoulizwa. Nilidhani nimetaja vitu vyepesi. Hamisi anauza mabomba kwenye duka la mtu pale Ubungo, na alichoweza ni kununua mtumba kwa familia moja iliyokuwa ikihama. Siku chache kabla ya kuleta mahari aliniita kwa siri nikavione. Kabati limemenyuka rangi, kitanda kinalia, meza ina alama za vikombe vya moto kila mahali. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, ananyoosha vidole vyake kimoja kimoja, hanitazami.

"Shangazi zako watanicheka, Zuhura."

Nikamwambia awaache waje.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na ndiyo bora kuliko zote mlizowahi kuziona humu. Watu hudhani kitu cha bei rahisi kinageuka cha bei mbaya kwa kuongezewa marembo. Mimi nilianza kwa kupunguza. Nilibandua maua ya plastiki yenye rangi ya dhahabu yaliyogundishwa kwenye milango. Nikaziba matundu kwa puti, nikapiga msasa wa kukwaruza, kisha ule laini, mpaka kiganja kikipita hakihisi kitu. Vipande vyote vitatu nikavipaka rangi moja, kahawia iliyoiva isiyong'aa, ndipo vikaonekana ndugu. Kabati nikaliinua kwa miguu myembamba ya mbao, maana likilala chini kabisa linaonekana limechoka. Vishikio nikaweka vya shaba, vizito. Mtu akishika mlango, mkono wake ndio unaomwambia kitu hiki ni cha bei gani.

Siku ya mahari vitu vilifika hapahapa Mbagala vikiwa juu ya kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, na wanawake wa upande wa kwao wanaimba nyuma yake. Shangazi yangu alifungua mlango wa kabati, akaufunga, akaufungua tena kuusikiliza. Akasema hili ni la dukani, tena maduka ya wenye nazo. Vigelegele vikapigwa. Hamisi alivimba kichwa siku ile mpaka kofia ikambana. Tulipobaki wawili aliniambia hakuna binadamu aliyewahi kumsitiri kama nilivyomsitiri mimi. Sikumwambia mtu, hata Mama. Leo ndiyo mara ya kwanza nalitoa.

Sasa jana.

Jana ilikuwa Ijumaa, jua kali, wanaume wametoka kuswali. Nilikuwa uani nafunga sponji kwenye kiti cha mteja nikasikia gari linasimama mbele ya nyumba. Mama ndiye aliyechungulia dirishani. Alinijia mbio, na Mama yangu ana magoti mabovu, hakimbii.

"Mumeo huyo! Na kanzu yake. Tena kaja na kirikuu!"

Mtu aliyevaa kanzu, Ijumaa, na gari la mizigo nyuma yake. Ungefikiria nini? Sisi tulifikiria kitu kimoja, sote wawili, bila hata kuambizana. Kaja kunirejea, na kaja na gari la kubebea vyombo vyangu siku hiyohiyo. Mama akakimbilia jikoni kuongeza samaki kwenye sufuria. Mimi nikaingia chumbani, nikavua nguo zenye gundi, nikavaa dera la kijani ambalo alilipenda. Halafu nikafanya kitu ambacho nikikikumbuka nataka ardhi inimeze. Nilichukua bisibisi, nikafungua kioo cha meza yangu, nikakifunga kwa kanga mbili ili kisivunjike njiani kwenda Kimara. Nilikuwa nacheka peke yangu mle ndani.

Nilipotoka alikuwa ameshafungua geti na kirikuu kimeingia mpaka uani kwa nyuma.

"Shikamoo mama," akamwambia Mama.

"Marahaba mwanangu, karibu ndani. Chakula tayari."

"Ahsante mama. Ngoja kwanza tushushe."

Nikamsikia vizuri. Kushusha. Moyo wangu ukanyoosha lile neno, nikajiambia amekosea, alitaka kusema kupakia. Yeye akavuta turubai. Chini yake kulikuwa na kabati la zamani, milango imevimba kwa maji, na meza ya kujipambia isiyo na kioo.

"Nimekuletea kazi," akasema.

Nitaandika kwa kifupi. Anaoa. Mwanamke ni wa hukohuko Kimara. Aliliona kabati langu kwenye picha za simu ya Hamisi, na alipoulizwa mahari akasema anataka seti kama ile, kutoka duka lilelile. Hamisi hajamwambia kwamba hakuna duka.

"Mie nitamwambiaje, Zuhura? Kalivulia kofia lile kabati. Nikasema nikuwahi wewe. Si bado uko eda? Hutoki, kwa hiyo unaifanya taratibu tu hapahapa uani."

Kumbe anakumbuka.

Hicho ndicho kilichonimaliza, kuliko hata habari ya mke. Muda wote nilikuwa namtetea. Nilijiambia wanaume hawajui mambo ya tohara, labda amepoteza hesabu, labda anadhani muda umepita na anaona aibu kuja. Alikuwa anajua. Alijua kwamba neno lake bado lina nguvu, na akaja mpaka kwetu nalo mdomoni, akanipa kazi ya kupiga msasa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Alisikia yote. Nikadhani atamwaga yale maji, atapiga kelele majirani wajae. Akasema tu, "Karibu chakula, baba," akamnawisha. Na Hamisi akala. Aliketi mkekani kwetu, akala wali wa nazi na samaki, akaomba na pilipili, akasema tangu ale mara ya mwisho kwa Mama hajala samaki wa namna hii. Mama akamwongezea. Mgeni ni mgeni, ndivyo alivyolelewa, lakini niliona jinsi alivyoukaba upawa.

Na mimi? Nilibaki uani na vile vitu. Nikajikuta nimeinama nagonga ubavu wa kabati kwa vifundo vya vidole. Chini ya rangi ile mbaya kulikuwa na mninga mtupu. Nikafurahi. Hebu fikiria, kwa sekunde kadhaa nilifurahia ile mbao, nikaanza kuona miguu itakaa wapi na rangi gani itaifaa. Alipotoka kula aliniona nimeinama, akatabasamu, akajua kazi imekubaliwa. Nilitaka kumwambia hapana. Nikasema, "Milango lazima ibadilishwe." Akasema nifanye ninavyoona inafaa, fundi ni mimi. Kirikuu kikatoka kitupu.

Nikarudi chumbani. Kioo changu kilikuwa kitandani, kimefungwa kwa kanga zangu. Ilibidi nikifungue na kukirudisha mahali pake, parafujo kwa parafujo, na muda wote huo kilikuwa kinanitazama.

Jioni mawingu yalipojikusanya Mama alitoka na turubai letu akafunika vitu vya Hamisi, akaegemeza matofali pembeni. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema ni mali ya watu, isije ikasemwa ililowa kwetu. Mimi nikaingia ndani nikajifanya nimelala.

Leo alfajiri niliamka kuswali nikakuta siwezi kuswali.

Imekuja. Ya tatu. Niliketi ukingoni mwa kitanda, kitanda cha mahari yangu, nikasikiliza adhana mpaka mwisho. Sijui kama kuna mwanamke mwingine hapa mjini aliyelia leo kwa sababu ya kuingia mwezini. Nililia huku nimeuma kona ya shuka ili Mama asisikie. Tangu nirudi hapa sijalia mbele yake hata siku moja. Kila asubuhi nanawa uso, najipaka wanja, natoka na kicheko. Nina ujuzi huo.

Kulipokucha nilimpigia. Nilijiandaa maneno mengi, yote yakanikimbia. Nikamwambia, "Hamisi, eda yangu imekwisha leo."

Nitasema ukweli wa kwa nini nilianza na hilo. Nilitaka ashtuke. Hata kama amechelewa, hata kama haina faida tena, nilitaka nisikie pumzi yake ikikatika kidogo, nijue kwamba kuna kitu amepoteza.

Nyuma yake nilisikia watu wa dukani wakiagiza mabomba. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Na ile kazi, umeshaanza msasa?"

Nikamwambia sijaanza na sitaanza. Nikamwambia aje achukue vitu vyake kama alivyovileta, amwoneshe mchumba wake hivyohivyo, vimevimba, bila kioo, na amwambie hayo ndiyo maduka anayonunulia. Akasema, "Zuhura, utaniaibisha." Sauti yake ilikuwa ileile ya siku ile alipokaa juu ya ndoo. Nilikaribia kumwonea huruma tena. Karibu sana. Nikakata simu.

Mama alikuwa ameketi kwenye kibao anakuna nazi. Nilikwenda nikaketi chini, kwenye sakafu ya simenti, nikaweka kichwa mapajani kwake kwenye machicha ya nazi, nikalia kwa sauti. Sikufuta uso, sikujizuia. Majirani walisikia, wacha wasikie. Nikamweleza yote, na lile kabati la siku ya vigelegele kwamba lilikuwa mtumba, na kwamba ni mimi niliyelitengeneza.

Mama akaendelea kunishika kichwa.

"Nilijua," akasema. "Nyumba nzima tulijua. Harufu ya rangi ilikuwa haijaisha mikononi mwako, mwanangu. Tulipiga vigelegele kwa ajili yako."