Mama Kwenye Mkanda wa Polisi

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Huku Kwamkoro tuko wazima, ila mvua haikatiki na nguo za mtoto zinakaukia kwenye moshi wa jikoni. Natumaini kikohozi cha Baba kimepungua na viazi vyenu vya Mgwashi vimepata mnunuzi. Najua barua zangu huwa unamsomea Mama. Hii usimsomee. Mwambie nimeomba mbegu za kabichi, kisha uisome shambani peke yako. Nimepata aibu, na nataka uisikie kwangu kabla wachumaji chai wa kwetu hawajarudi huko likizo.

Unakumbuka Mama alipokuja kunihudumia nilipojifungua. Siku zile wafanyabiashara wa mjini walileta bendi kwenye uwanja wa mpira, tamasha la mchana kutwa, maana siku hizi kila mwenye jenereta analeta muziki. Mimi nilikuwa ndani, arobaini haijaisha. Wanawake wa kambi yetu wakaja kumchukua Mama, akakataa. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia amechoka kunikanda na kunichemshia maji, akanyooshe miguu. Wenzake wakamwahidi kwamba ikichezwa ngoma ya kike watazungusha kanga, mwanamume asione kitu. Akaenda, akarudi magharibi mchangamfu, akamwogesha mtoto huku anaimba.

Kanga zilishikwa vizuri, sina ninayemlaumu. Lakini tangu vyama viwe vingi, polisi hawaachi mkusanyiko upite bila kuutazama. Siku hiyo mmoja wao alikaa juu ya paa la Landrova na kamera ya video. Watu walimpungia mikono wakidhani ni picha za kumbukumbu, kama za harusini. Kwa aliyekaa juu vile, kanga haizuii kitu.

Jioni walevi wakalirushia lile gari mawe. Mwezi uliofuata, Mama amesharudi huko na mimi nimesharudi kazini, polisi wakatuita wote kantini, wanaume kwa wanawake, tuangalie mkanda na kuwataja waliotupa mawe. Nilikaa nyuma, mtoto mgongoni. Ikaonekana bendi, halafu kamera ikageuka ikaingia ndani ya duara la kanga. Katikati alikuwa Mama. Alikuwa amejitupia kanga kichwani, uso hauonekani vizuri, lakini vile anavyoupinda mkono wa kushoto ningemjua popote. Wanaume wakacheka na kupiga miluzi. Mume wangu Zuberi alikuwa benchi la mbele. Huyu ambaye akimwona Mama njiani huingia ndani ya shamba la chai ampishe, alimwona mkwe wake akikata kiuno. Aliinamisha kichwa, akatoka nje.

Afande akasimamisha picha. Akasema huyo mama yuko karibu na waliotupa mawe, lazima aliwaona, je, anaitwa nani? Wenzangu wakatazama sakafu. Akarudisha mkanda, akaonyesha tena, na tena. Nikajua ataendelea mpaka apate jina.

"Ni mimi, afande," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi. Na sikumwona aliyetupa mawe."

Sasa kambini inasemwa kwamba nilikwenda kucheza ngoma arobaini haijaisha. Nikifika bombani mazungumzo yanakatika. Wanaojua ukweli wamenyamaza, nami nawashukuru, ila hawanitetei. Zuberi haniulizi kitu, lakini ameapa hatakanyaga tena Mgwashi. Nilikwenda kituoni kuomba kile kipande kifutwe. Wakasema mkanda ni mali ya serikali, na mmoja akaniomba nicheze tena pale pale. Nilirudi nyumbani nimejifunika uso.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilidhani nimemsitiri Mama, kumbe bado. Baba akisikia nilitoka arobaini haijaisha, atamuuliza yeye aliyekuja kunitunza alikuwa wapi. Na Mama unamjua, hawezi kusema uongo. Atasema mwanangu hakutoka, niliyetoka ni mimi. Basi Dada, mtangulie Baba. Mwambie nilitoroka wakati Mama amekwenda mtoni kufua. Anikasirikie mimi, hata sikukuu ya Idi asinipokee, mradi Mama asiulizwe.

Msalimie shemeji, mumeo, na Bibi mzaa baba, na mama mdogo Halima anayetuuzia maziwa. Mama mwambie mjukuu wake ameota jino.

Kuna jambo moja nakuambia wewe tu. Afande aliporudisha ule mkanda mara ya kwanza ningeweza kusimama, na mara ya pili pia. Nilichelewa, na wale wanaume wakazidi kumtazama. Sikuchelewa kwa woga. Sijawahi kumwona Mama amefurahi vile, Dada, nikataka kumtazama tena.

Mdogo wako,
Rehema