Barua ya Kisumu Kupitia Amerika

Jumanne, 14 Mei 1996. Kabiro.

Leo ofisini fundi wa kompyuta alisema, kama jambo la kawaida tu: ujumbe wetu wa kompyuta kwa tawi la kampuni yetu la Kisumu hupitia Amerika kwanza, ndipo urudi. Wamarekani ndio walioanzisha mtandao huu wa kompyuta, kwa ajili ya jeshi lao, na njia bado ni zao.

Teleksi, mashine ya kutuma ujumbe niliyoiendesha miaka tisa, itaondolewa Ijumaa ili kompyuta ichukue nafasi yake. Mimi nitawekwa wapi, hakuna aliyesema.

Jioni nilipomsimulia, jirani yangu Mama Achieng alicheka. "Kwa hivyo Mzungu atajua mambo ya Kisumu kabla yetu? Ai, wewe!"

Nimechoka. Nimemwandikia mama kwamba huenda nikarudi nyumbani, Kisumu. Mama Achieng anasafiri kwenda huko Jumamosi, atampelekea barua mkononi. Hiyo, angalau, itafika moja kwa moja.